Pikipiki Ikisimama Mchangani

Pikipiki husifiwa ikiwa mwendoni. Muuzaji hutaja ulaji wake wa mafuta, nguvu ya injini na uimara wa tairi. Mnunuzi naye hutega sikio kusikiliza mlio, kisha hupanda na kuzunguka uwanja mara moja. Ni nadra mmoja wao kuinama na kuigusa stendi. Hata hivyo pikipiki nyingi humaliza sehemu kubwa ya umri wake zikiwa zimesimama: chini ya mwembe wa nyumbani, mbele ya ofisi ya kata, kando ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, ukingoni mwa shamba la mikorosho. Saa zote hizo zinabebwa na chuma kilichopinda, bolti na springi.

Chuma hicho kinastahili kutazamwa kwa makini, na hakuna mahali panapodai hivyo kuliko kusini mwa Tanzania, kati ya Masasi na Newala.

Masasi imekaa katikati ya vilima vya mawe, Mkomaindo kikiwa kimojawapo, na kuvizunguka vilima hivyo kumetanda udongo mwepesi wenye mchanga. Ukitoka hapo kuelekea Newala, barabara hupanda hadi juu ya uwanda wa Makonde, na safari huishia kwenye ukingo wa kusini ambako ardhi hukatika ghafla. Wenyeji hupaita Shimo la Mungu: chini kuna bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Juu ya uwanda, mchanga umeenda chini sana. Mvua ikinyesha haituami. Huzama na kwenda zake, na ndiyo maana kwa vizazi vingi kina mama wa Newala wameteremka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha tena kichwani.

Mchanga huo umewanyima watu maji, lakini umewapa korosho. Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na hupenda udongo wa namna hii hasa, wenye kina, usiotuamisha maji, unaoruhusu mizizi kwenda mbali. Kinachoufaa mti hakiifai stendi. Mwenye pikipiki akifika shambani, akateremsha stendi ndogo ya pembeni na kuondoka hatua chache, chuma huanza kuzama taratibu. Pikipiki huinama kidogo, kisha zaidi, na mwishowe hulala ubavu, petroli ikichuruzika kwenye kifuniko cha tangi na mkono wa klachi ukiwa umepinda.

Sababu yake inaweza kuhesabiwa kwenye kiganja. Tuseme stendi kubwa, ile ya katikati yenye miguu miwili, imebeba kilo 60 za pikipiki, na kila mguu wake unabeba kilo 30. Ikiwa ncha ya mguu ina eneo la sentimita 4 za mraba, kila sentimita ya mraba ya mchanga inakandamizwa kwa kilo 7.5. Fundi akichomelea chini ya ncha hiyo kipande cha bati nene chenye upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 8, eneo linakuwa sentimita 48 za mraba, na mkandamizo unashuka hadi chini ya kilo 0.7. Pikipiki ni ileile na mchanga ni uleule, ila mzigo umetandazwa.

Waendesha bodaboda wanalijua jambo hili bila kushika kalamu. Wengi huwa na jiwe bapa au kipande cha ubao wanachokitia chini ya stendi wanapoegesha penye mchanga. Ni akili nzuri ya haraka, ila jiwe husahaulika, na ubao huachwa kituo kilichopita. Bati lililochomelewa halisahauliki. Fundi makini halikati mraba mtupu na kuridhika. Hukunja kidogo ukingo wa nyuma na wa mbele kuelekea juu, kwa sababu stendi inapopandishwa huzunguka, na kona kali ingechimba mchanga badala ya kuteleza juu yake. Kisha huinua stendi hadi juu na kuhakikisha bati haligusi ekzosi wala mnyororo.

Kiwandani pia wapo waliowahi kulifikiria jambo hili. Miaka ya 1970 Yamaha walitengeneza AG100, pikipiki ya shambani iliyolengwa wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand. Suzuki nao wakawa na TF125 kwa kazi hiyohiyo. Zote mbili zina stendi za pembeni pande mbili, kushoto na kulia, jambo ambalo pikipiki ya mjini haina. Mkulima akiwa kwenye mteremko huchagua upande unaofaa. Mzigo ukielemea kulia, huegesha kulia. Wahandisi walikubali kwamba shamba halina sakafu. Baadhi ya pikipiki za ukoo huo, pamoja na Yamaha DT na Honda XL, zilizoeleka Tanzania mikononi mwa mabwana shamba, wauguzi, mapadri na watumishi wa miradi, na nyingine bado zinatembea hadi leo, rangi imepauka, kiti kimeshonwa upya, injini ingali hai.

Hapo ndipo suala zito zaidi linapoingia, nalo ni mwili wa mwenye pikipiki.

Pikipiki ya kilo 100 iliyonunuliwa na kijana wa miaka 30 bado ina kilo 100 akiwa na miaka 65. Chuma hakikondi. Mwalimu mstaafu au muuguzi aliyestaafu anaweza kuwa bado anaona vizuri, anaijua njia na ana subira barabarani kuliko vijana wengi, lakini akifika nyumbani anashindwa kuipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Mgongo hukataa, goti hukataa. Wapo wanaoacha kuendesha kwa sababu hiyo moja, huku injini ikiwa haina tatizo lolote. Pikipiki huegemezwa ukutani, hufunikwa turubai, na baada ya mwaka mmoja panya wameshakata nyaya. Hasara kubwa zaidi ni ya mwenyewe: shamba limekuwa mbali ghafla, kanisa au msikiti umekuwa mbali, na kila safari sasa inaanza kwa kumwomba mtu.

Kijana wa jirani husaidia, na msaada huo ni sehemu ya malezi mema ya kusini. Anaamkia shikamoo, anashika keria, anavuta, pikipiki inapanda. Lakini kijana hayupo shambani saa kumi na mbili asubuhi, na mzee hana sababu ya kupangia ratiba yake nguvu za mtu mwingine ikiwa dawa iko kwenye gereji.

Dawa hiyo imefundishwa katika shule za msingi za Tanzania kwa jina la nyenzo. Stendi kubwa ni wenzo. Bolti zinazoishikilia kwenye fremu ndizo egemeo, pikipiki ndiyo mzigo, na kikanyagio kinachotokeza kushoto ndipo jitihada inapowekwa. Kikanyagio kikiwa sentimita 15 kutoka kwenye egemeo, na fundi akakirefusha hadi sentimita 20, nguvu inayohitajika hupungua kwa robo. Aliyekuwa akikanyaga kwa nguvu ya kilo 40 sasa anahitaji kilo 30. Malipo yake ni kwamba mguu utasafiri zaidi kwa theluthi moja. Kwa mtu mzima ambaye uzito wa mwili anao lakini misuli imepungua, hiyo ni biashara nzuri.

Kurefusha nako kuna mipaka. Kikanyagio kikitokeza sana kwa nje, kitakwaruza ardhi kwenye kona au kitanasa kwenye ukingo wa mfereji uliochimbwa na mvua, na njia za uwandani zina mifereji ya namna hiyo kila masika. Kikirudi nyuma mno, kitagonga ekzosi au kitazuia stendi kukunjika yote. Kwa hiyo fundi hupima stendi ikiwa juu na ikiwa chini kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Ncha ya kikanyagio huipanua na kuikwaruza ili kandambili au kiatu chenye matope kisiteleze, maana mguu unaoteleza katikati ya kazi huangusha pikipiki juu ya mwenyewe.

Kabla ya kuchomelea chochote, pikipiki ya zamani inapaswa kuulizwa kwa nini stendi yake imekuwa nzito. Mara nyingi haikuwa hivyo ilipokuwa mpya. Bolti za egemeo zimeshika kutu na grisi ilikauka miaka mingi iliyopita. Bushi zimelika hadi tundu limekuwa na umbo la yai, na stendi inayumba pembeni badala ya kusimama wima. Shokapu za nyuma zimechoka, pikipiki imeketi chini kuliko zamani, na sasa inabidi inyanyuliwe juu zaidi ili ifike kwenye stendi ileile. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hufanya vivyo hivyo, na mwenyewe hudhani ni uzee wake. Kizuizi kinachoisimamisha stendi isipitilize mbele nacho hulika. Stendi husonga kupita kiasi, gurudumu la nyuma hurudi kugusa ardhi, na kuishusha pikipiki kunakuwa vita. Kipande kidogo cha chuma kikiongezwa kwenye kizuizi hurudisha mambo mahali pake. Saa moja ya kufungua, kusugua kutu, kubadili bushi na kupaka grisi inaweza kupunguza uzito kuliko kikanyagio kirefu.

Ipo pia njia isiyohitaji fundi. Ubao wenye unene wa sentimita 2 hulazwa chini, gurudumu la nyuma likapandishwa juu yake, ndipo stendi inapokanyagwa. Gurudumu limeshapanda sentimita 2 kwa kusukumwa tu, kwa hiyo kimo kinachobaki cha kunyanyua ni kidogo. Ardhi nayo isaidie: pikipiki inapopanda kwenye stendi kubwa hurudi nyuma, basi pua yake ikielekezwa upande ulioinuka kidogo, uzito wenyewe unasukuma kuelekea inakotakiwa. Ikielekezwa mteremkoni, itakuwa nzito kupandisha na inaweza kujishukia yenyewe, jambo la hatari mahali kama ukingo wa Newala.

Namna ya kusimama ina maana kuliko nguvu. Wengi hukosea kwa kuinama na kuinua keria kwa mikono, wakamaliza mgongo. Anayejua husimama wima upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, huhakikisha miguu yote miwili ya stendi imegusa chini, kisha huhamishia uzito wake wote kwenye kikanyagio kama mtu anayepanda ngazi. Mikono huelekeza, mwili hushuka, pikipiki hupanda. Keria ikiwa mbali au imekatika, mshikio mfupi wa bomba ukifungwa karibu na kiti, upande huo wa kushoto, humpa mtu mahali pa kushika bila kujipinda.

Historia ya pikipiki inaonyesha kwamba starehe hii haikuja yenyewe. Pikipiki za mwanzo zilikuwa na stendi ya nyuma, iliyoshikiliwa karibu na ekseli ya gurudumu, ndugu wa stendi ya baiskeli ya Phoenix au Swala ambayo bado inaonekana vijijini. Mtu alilazimika kunyanyua nyuma yote. Polepole watengenezaji wakaisogeza stendi kuja katikati, chini ya injini, ambako uzito unakaribia kusawazika. Mwaka 1958 Honda walipotoa Super Cub, walifikiria mpaka mtu anayepeleka chakula akiwa ameshika sinia kwa mkono mmoja: wakaondoa mkono wa klachi ili mkono uliobaki utoshe kuendesha. Utengenezaji wa pikipiki za ukoo huo ulipita milioni 100 mwaka 2017. Katikati ya miaka ya 1970 Honda haohao wakatoa CG125 baada ya wahandisi wao kwenda kuona jinsi pikipiki zinavyotumika kwenye nchi ambako vipuri na matengenezo ni shida. Wakaachana na mnyororo wa ndani ya injini, wakatumia fito za kusukuma valvu, na injini ikawa vumilivu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea Tanzania zimerithi injini ya namna hiyo.

Wahandisi hao waliifuata injini hadi kwa mtumiaji. Stendi imebaki nyuma. Pikipiki ya leo inayouzwa Masasi bado inasimama kwa ncha nyembamba zilizokusudiwa lami au saruji, na kazi ya kuifuata hadi mchangani imeachiwa mafundi wa vibanda vya kuchomelea, wenye grainda, nondo za mabaki na macho yaliyozoea kupima. Wanachofanya ni usanifu kamili. Wanamtazama mtu, wanaitazama ardhi, wanakata chuma kulingana na vyote viwili. Wanastahili kuitwa hivyo, na vipimo vyao vinastahili kuandikwa, kwa kuwa fundi akihama au akifariki, ujuzi wa miaka 20 huondoka naye.

Kazi hiyo inagusa uchumi wa eneo zima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye ghala la chama cha msingi, nao hukusanywa na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu kama TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Kati ya shamba na ghala, pikipiki ndiyo punda. Gunia huwekwa juu ya keria pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa, kwa sababu stendi ndogo ingepinda au kuzama. Madumu ya maji hupakiwa vivyo hivyo: matano ya lita 20 ni kilo 100, sawa na kuiongezea pikipiki pikipiki nyingine. Stendi ikizama upande mmoja wakati wa kupakia, anayeumia ni yule aliyekuwa anashikilia, na mara nyingi ni mama au mtoto aliyeitwa kusaidia. Nyumba nyingi zina pikipiki moja inayotumiwa na watu wa vimo tofauti. Kikanyagio kinachomtosha mume mwenye kilo 80 kinaweza kumshinda mkewe mwenye kilo 50, na fundi akimpima mume peke yake, amefanya nusu ya kazi.

Wapo wanaopenda pikipiki za zamani kwa uzamani wake, na wao huona uchungu chuma cha kiwandani kikikatwa. Uchungu huo ni wa haki. BSA Bantam iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1948 na 1971, au AG100 ya zamani yenye stendi zake zote mbili, ni kumbukumbu ya namna watu walivyofikiri, na ikishakatwa hairudi. Lakini kuhifadhi na kutumia si lazima vigombane. Kikanyagio cha kuongeza kinaweza kufungwa kwa klempu mbili na bolti bila tone la moto. Bati la chini linaweza kuwa kiatu kinachovalishwa ncha na kukazwa kwa nati. Atakayerithi akitaka pikipiki kama ilivyotoka kiwandani, atafungua kwa spana moja. Na pikipiki ambayo mzee bado anaimudu huwashwa kila wiki, hupakwa mafuta, hujazwa upepo. Hiyo hudumu kuliko iliyofungiwa stoo ikiwa na vipande vyake vyote halisi.

Mwezi Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa kilimo nchini. Miongoni mwa maafisa ugani wamo wanawake wengi, na kazi yao iko shambani, si kwenye lami. Pikipiki hizo nazo zitazeeka, zitauzwa, zitaingia mikononi mwa watu wengine. Halmashauri au chama cha ushirika kinaponunua nyingine, jaribio moja lingetosha kuongezwa kwenye orodha ya ukaguzi: pikipiki ipakiwe kilo 50, ipelekwe chini ya mkorosho wowote wa Newala, kisha mfanyakazi mwembamba kuliko wote aombwe kuipandisha kwenye stendi na kuiacha hapo kwa saa moja.

Kwa pikipiki ambazo tayari ni za zamani, wakati mzuri ni Agosti na Septemba, kabla minada ya Oktoba haijafunguka na kabla mvua hazijalainisha njia. Stendi ifunguliwe, bushi zibadilishwe, shokapu na upepo wa tairi vikaguliwe, kizuizi kiongezwe nyama, kikanyagio kirefushwe kwa sentimita chache, ncha zivalishwe bati. Kila mtu wa nyumbani anayeitumia pikipiki hiyo aitwe gerejini akanyage mwenyewe, fundi akiwa amechuchumaa kando na chaki mkononi, akiweka alama pale mguu wa kila mmoja unapofika.